Ruzuku ya Udugu

Serikali ilipotuletea ruzuku ya kujenga udugu na watu wa ng'ambo ya Ruvuma, mama yangu aliuliza ni nani aliyeubomoa. Bwana aliyekuja na Landrova kutoka mjini alitabasamu upande, akaendelea kusoma karatasi yake, na sisi tuliokaa mchangani mbele yake tukaendelea kupiga makofi kila aliposimama kuvuta pumzi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulijifunza kupiga makofi kwanza na kuuliza baadaye, na mama hakulipenda somo hilo hata kidogo. Mimi nimerithi ulimi wake. Nikiwa mkali humu ndani, mnisamehe, au msinisamehe, yote sawa.

Kijiji chetu kilikuwa karibu na mahali Ruvuma inapomwagikia baharini, upande wa Mtwara, penye mikoko na mafungu ya mchanga yanayohamahama kila masika. Tulikuwa tumehamishiwa pale kutoka kwenye mikorosho yetu, nyumba zikapangwa mistari kama madawati. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wamepata uhuru si zamani. Mreno alikuwa ameondoka, vita imekwisha, na serikali mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba watu wa kando za mto wapewe fungu la kuwaunganisha. Ndani yake mlikuwa na mabati ya kuezekea nyumba ya urafiki, ngoma mpya, sare za wachezaji, mbegu za mpunga, na kusafisha njia zilizoharibiwa na vita. Sisi tuliita yote hayo pesa za udugu, ingawa pesa yenyewe hatukuiona kwa macho.

Ukituuliza sisi, hatukuwa tumeachana. Nusu ya kijiji ilikuwa na shangazi, mkwe au kaburi upande wa pili. Lugha ni moja, chale za usoni kwa wazee wetu ni zilezile, hata ugomvi wa mashamba ulikuwa unavuka mto na kurudi. Ila vita ilikuwa imekata habari. Mtu aliyekuwa ng'ambo tulimhesabu kama aliye safarini, hatukumtangaza kuwa amekufa, na hatukumngoja kwa sauti.

Mama alikuwa na mtu wa namna hiyo. Kaka zake wakubwa walikuwa wamekufa wote, akabaki mdogo wake mmoja wa kiume, ambaye alivuka kwenda kuoa, vita ikamfungia hukohuko. Kwetu sisi watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baba anaweza kuwa mtu mwema, na baba yangu alikuwa mtu mwema kweli, lakini ikija posa yeye hukaa pembeni akatafuna mate tu. Dada yangu mkubwa alikuwa ameposwa na kijana wa Mpapura. Wazee wa kijana walikuja mara ya kwanza wakauliza, mjomba yuko wapi? Wakaambiwa yuko ng'ambo. Walikuja mara ya pili wakauliza hilohilo, wakanywa chai yetu, wakaondoka. Safari ile ya pili mmoja wao alisema njiani, akijua tunasikia, kwamba nyumba isiyo na mjomba ni kama mtumbwi usio na upondo. Dada alilia siku nzima. Mama hakulia. Alisema atamleta ndugu yake hata kama itabidi ambebe mgongoni.

Kwa hiyo bwana wa mjini alipozungumza kuhusu udugu na ng'ambo, mama alisikia jambo moja tu, yaani njia ya kumfikia mdogo wake. Akasimama tena pale mkutanoni, akauliza kuhusu yale mabomu ambayo Mreno aliyazika ardhini alipokuwa anakimbia. Lilikuwa swali la haki, kwa sababu hata upande wetu kulikuwa na watu waliokatika miguu.

Yule bwana akatafuta kwenye karatasi kwa kidole. Akasema kusafisha njia na maeneo ya vita kumo, kifungu cha tatu.

"Kumo kwenye karatasi," mama akasema, "au kumeshafanyika?"

"Mama, serikali mbili zimekaa zikakubaliana. Wewe una wasiwasi gani?"

Watu wakapiga makofi. Mama akakaa. Nakumbuka alivyojifunika mtandio upya, polepole, kama anayejitayarisha kwa mvua. Kwa yule bwana, jambo likishaandikwa lilikuwa limeshatendeka, na baada ya kuishi muda mrefu karibu na maofisi nimegundua kwamba hakuwa mwongo. Aliamini. Afadhali angekuwa mwongo, maana mwongo angalau anajua kuna kitu anakificha.

Ikaundwa kamati ya udugu kwa kunyoosha mikono. Mama akaomba kuwa mjumbe, na kwa ujinga wa ukweli akasema anataka kwenda kumtafuta ndugu yake. Akakataliwa papo hapo. Aliambiwa safari hii ni ya mataifa mawili, si ya mambo ya nyumbani. Akarudi nyumbani akacheka mpaka machozi, kwamba amekatazwa kwenda kuonana na ndugu kwenye safari ya udugu. Asubuhi yake akajiunga na kikundi cha ngoma cha akina mama. Sauti yake ilikuwa mbaya kama mlango wa banda la mbuzi, kila mtu alijua, lakini kiongozi wa kikundi alikuwa rafiki yake wa kuchezwa unyago pamoja, akamweka safu ya nyuma na kumwambia afumbue mdomo tu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kucheza na nilikuwa nimemaliza darasa la saba bila kazi.

Sare zilitoka kwenye duka la Mhindi mmoja kule Mikindani. Mwaka mzima alikuwa akituambia nguo hakuna, tukitazama rafu tupu pamoja naye kama wafiwa. Alipoonyeshwa karatasi ya serikali akaingia ndani, akatoka na jora zima la kitambaa cha kijani. Akasema limeletwa jana. Mama akamwambia hongera kwa kuletewa.

Tulivuka asubuhi, siku kadhaa kabla ya sherehe ili tuzoeane na wenyeji na kufanya mazoezi. Wakubwa wangekuja siku yenyewe kwa boti ya mashine. Tulikwenda kwa mitumbwi katikati ya mikoko, tukimkwepa kiboko aliyekuwa na tabia ya kukaa pale kwenye mkondo, na upande wetu tuliacha kelele zote za asubuhi: majogoo, michi, watoto, redio ya mwenyekiti. Tulivyokaribia ukingo wa pili nilingoja kelele kama hizo zije kutupokea. Hazikuja. Kulikuwa na moshi, kwa hiyo watu walikuwepo, lakini palikuwa kimya.

Wenyeji walikuwa wamepanga mstari ukingoni. Walitukumbatia, tukalia, tukatajana koo, na kabla jua halijapanda kila mmoja wetu alikuwa amepata binamu. Sina ubaya wa kusema juu ya mapokezi yale. Lakini tulipoanza kutembea kuelekea kijijini niliona wanatembea kwa namna ambayo sijapata kuiona. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, wanawake, wanaume na watoto, na kila mmoja akikanyaga pale alipokanyaga wa mbele yake. Hata mtoto wa miaka minne alikuwa akirukaruka kufuata nyayo za mama yake. Tuliwatania kwamba huku wanafundishwa kutembea na siafu. Walicheka kwa adabu na hawakubadili mwendo.

Pembeni mwa njia kulikuwa na mikorosho, mikubwa, imezaa mpaka matawi yamelala. Chini yake mabibo yalikuwa yameoza tabaka juu ya tabaka, mekundu kwa manjano, nzi wamejaa, na korosho zenyewe zimetapakaa hakuna anayeziokota. Mtu wa kwetu hapiti korosho. Nikatoka kidogo kwenye njia. Msichana wa rika langu aliyekuwa nyuma yangu akanidaka kwa nguo, kwa nguvu, hadi mshono wa sare mpya ukafumuka.

"Ntu haendi huko," alisema.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema hapaendwi, basi. Akaniachia niliporudi kwenye mstari. Jioni yake akina mama wetu walilizungumza jambo hilo wakiwa wanakula, wakakubaliana kwamba lazima lile ni shamba la serikali. Kwetu ilikuwa hivyohivyo: mazao ya shamba la kijiji yanaozea shambani yakingoja mtu wa mjini aje na mizani, na ukiokota moja unaitwa mhujumu. Tuliwaonea huruma. Tukasema, kumbe na hawa wameshaanza.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote zile. Kila tulichokiona tulikuwa na maelezo yake mfukoni, tumekuja nayo kutoka nyumbani. Nyumba hazikuwa na bustani nyuma. Tukasema ni uvivu wa watu waliozoea vita. Watoto hawakukimbizana, tukasema wana njaa. Sufuria lilianguka jikoni siku ya kwanza, na watu wote uani wakasimama kama waliomwagiwa maji, mmoja akiwa na mchi juu hewani. Tukasema wana mishtuko, masikini, itawaisha. Hakuna aliyetueleza na sisi hatukuuliza vizuri. Nimefikiri sana kwa nini hawakusema. Nadhani ni kwa sababu ileile inayotufanya sisi tusimtaje nyoka usiku. Kitu kile walikuwa wanaishi nacho, na waliona kukitaja mbele ya wageni ni kukialika mezani. Tena walijua tumeambiwa na serikali yetu. Wao pia walikuwa wameambiwa na yao: kwamba fungu la udugu litaleta wanajeshi wa kusafisha njia, watakuja karibuni, kabla ya sherehe.

Siku ya pili mama alipata habari za mdogo wake. Alikuwa hai. Aliishi kijiji cha ndani, mwendo wa saa tatu hivi kutoka mtoni, na sababu ya kutorudi ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi: alivuka mara moja vita ilipokwisha, akakuta pale palipokuwa na nyumba yetu pana vichaka, kwa sababu sisi tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini. Alisimama kwenye mahame yetu akadhani tumekufa. Mtu mmoja aliyekuwa anakwenda huko ndani akapewa ujumbe, na jioni jibu likarudi kupitia kwa mtu mwingine kwamba atakuja siku ya sherehe, asubuhi, na atavuka nasi kwenda kwetu kusikiliza posa ya mpwa wake.

Sijawahi kumwona mama katika hali ile. Alikuwa mwanamke wa maneno makali na mikono mizito, lakini jioni ile alikuwa akishika vitu na kuvisahau. Jicho lake la kushoto lilikuwa likimcheza tangu asubuhi. Kwetu tunasema jicho likicheza, ama utamwona uliyepotezana naye, ama utalia. Mama akachagua la kwanza. Kiongozi wa kikundi akamtania kwamba hata sauti yake imeanza kunyooka.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu tukaomba majembe wenyewe, kwa sababu kukaa tu na kulishwa na watu wenye chakula kidogo kulikuwa kunatutia aibu. Mwenyeji wetu, mama wa makamo ambaye ndiye tuliyelala kwake, alitupeleka wanne kwenye shamba lake la maboga bondeni: mimi, mama, kiongozi wa kikundi na mwanamke mwingine mmoja. Tulifuata kijia chembamba kinachozunguka sana kwenye majimaji. Tulipofika mbali kidogo na kijiji tukaona kinakutana na njia nyingine, pana na kavu, inayorudi kijijini. Nikajiuliza kwa nini tumezungushwa kwenye tope wakati ipo njia kama ile.

Lakini ilikuwa imefungwa. Pande zote mbili za mdomo wake nyasi ndefu zilikuwa zimekusanywa na kufungwa mafundo, na tawi limelazwa katikati. Sisi sote tuliijua alama hiyo tangu utotoni. Njia ikifungwa nyasi hivyo, huipiti. Kwetu hufungwa wakati wa jando, kuzuia wanawake na wasiotahiriwa wasielekee kambini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, na mwenyeji wetu naye hakueleza. Mama akamwuliza tu kama mwaka huu wamecheza jando. Akasema ndiyo, watoto wametoka mwezi uliopita, wote wazima, alhamdulillahi.

Nilimwona mama anatazama yale mafundo.

Lazima niseme kitu hapa, maana bila hicho hamtatuelewa. Kwetu jando likiisha, njia hufunguliwa na wanawake. Wanaume wanaifunga, akina mama wanaifungua. Wanafungua mafundo, wanatupa tawi, wanafyeka na kufagia mchanga mpaka uwe laini, wakiimba, ili watoto wapite juu yake kurudi nyumbani. Mama wa mtoto akiwa mgonjwa au amefiwa, jirani humfagilia, na ni heshima kubwa kumfagilia mwenzio njia. Njia iliyobaki imefungwa baada ya jando ni kama nyumba yenye msiba usioondolewa matanga. Huleta mkosi kwa kijiji kizima.

Mchana mwenyeji wetu alitangulia na mzigo wa maboga kwenda kupika. Sisi tukafuata baadaye, na tulipofika kwenye njia panda mama akasimama. Akasema hawa watu wamechoka. Vita imewachosha mpaka wamesahau kuwafungulia watoto wao njia. Kesho wakubwa wanakuja, na ndugu yangu anapita hapa akitoka kijiji cha ndani. Atapitaje kwenye tope kama mwizi?

"Tuwafungulie," alisema. "Tusiwaambie. Waione kesho wenyewe."

Tukafungua. Kiongozi wa kikundi alianza wimbo wa kufungulia njia, kwa sauti ya chini ili tusisikike kijijini, nasi tukaitikia tukicheka kama wasichana. Tulifungua mafundo, tukavuta tawi na kulitupa kichakani, tukafyeka kwa majembe, kisha tukakata matawi tukafagia. Mimi nilikuwa nafyeka mbele kidogo. Kulikuwa na miche iliyoota katikati ya njia, minene kuliko kidole gumba changu, na nilijiuliza ni mwezi gani huo uliopita unaootesha mti hivyo. Nikamwambia mama. Akasema ardhi ya huku ina rutuba, haijachoshwa na mihogo kama yetu. Nikatazama chini. Hapakuwa na nyayo. Hata kwato za mbuzi hapakuwa nazo, hata mikwaruzo ya kuku, ingawa kijiji kilikuwa karibu kiasi cha kusikia michi ikitwanga.

Nikaendelea kufyeka.

Tulifika kwenye kona ya kwanza tu. Mama alitaka tuendelee mpaka kijijini, lakini jua lilikuwa kali, na kiongozi wa kikundi akasema tumwachie mama nguvu za kesho, sauti yake yenyewe ndiyo hiyo, akichoka itakuwaje? Tukarudi nyuma tukifuta nyayo zetu kwa mafagio ili pabaki pazuri. Pale kwenye njia panda nikageuka kutazama. Mdomo wa ile njia ulikuwa mweupe na laini, umefunguka, unapendeza. Kijia cha tope ubavuni mwake kilionekana kama kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kukifuata. Tulipofika nyumbani mwenyeji wetu aliona malengelenge mikononi mwetu akauliza. Mama akamwambia majembe yenu yana mipini mikorofi, dada. Wakacheka wote wawili.

Siku ya sherehe yule bwana wa mjini alishuka kwenye boti amevaa suti ya mikono mifupi, pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Bendera mbili zikapandishwa kwenye miti ya mikoko iliyochongwa. Tulicheza, na tulicheza vizuri. Mama alikuwa safu ya nyuma, amefumbua mdomo, lakini macho yake hayakuwa kwenye ngoma. Alikuwa anatazama nyuma ya nyumba za mwisho, kule njia pana inakotokea. Mara mbili alikosea hatua. Nikamnong'oneza kwamba atakuja tu, bado asubuhi. Akasema anajua.

Baada ya ngoma tukakaa. Karatasi ikatolewa. Yule bwana akaanza kusoma vifungu vya ruzuku kimoja kimoja, na mwenzake akitafsiri. Mabati, makofi. Ngoma, makofi. Akafika kifungu cha tatu, kusafisha njia na maeneo ya vita, akasema kwamba hilo ni jambo la kujivunia, kwamba leo ndugu anaweza kutoka nyumbani kwake akamfikia ndugu yake bila hofu. Makofi. Wenyeji nao walipiga, nakumbuka, ila walitazamana.

Mlio ukaja kutoka nyuma ya nyumba. Ulikuwa mmoja, mzito, niliusikia tumboni kabla ya masikioni.

Kijiji chote kikaanguka. Sisemi walikimbia. Waliokuwa wamekaa walilala, waliosimama walilala, akina mama walijilaza juu ya watoto wao, wote pamoja bila kuambizana, nyuso mchangani. Na sisi wageni tukabaki tumekaa wima kwenye sare zetu za kijani, tukiwatazama. Mmoja wetu alidhani ni mzinga wa heshima. Zamani alikuwa ametuambia kwamba aliisikia ikipigwa Dar es Salaam. Akapiga kigelegele. Na sisi, kwa mazoea, tukapokea. Mama naye alipiga, mkono mdomoni, sauti yake mbaya ikipita juu ya zetu zote.

Kigelegele kilikufa chenyewe tulipoona hawanyanyuki. Vumbi lilikuwa linapanda taratibu juu ya mapaa, kahawia, upande wa njia pana.

Mwenyeji wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua kichwa. Alitazama lile vumbi, akatazama kushoto na kulia akihesabu watoto kwa midomo. Kisha akauliza, kwa Kimakonde, bila kupaza sauti, ni nani aliyefungua njia.

Kiongozi wa kikundi aliinamisha uso. Nadhani alikuwa ameshaelewa. Mimi nilikuwa naelewa wakati uleule, polepole, kuanzia miguuni kuja juu. Mama alikuwa bado hajafika huko. Alisikia mtu anauliza ni nani aliyewafagilia, na alikuwa amelingojea swali hilo tangu jana.

"Ni mimi, dada," alisema. "Nimewafungulia."

Yule mwenyeji hakumgombeza. Alitambaa mchangani mpaka alipokuwa ameketi mama, akamshika vifundo vya miguu kwa mikono miwili, akavikumbatia. Nilidhani anamshukuru. Alikuwa anamzuia asikimbilie kule. Mama akamwuliza una nini, dada, niachie, nina mgeni wangu anakuja, na yule mwenyeji akazidi kukaza. Wanaume wa pale walikuwa wameanza kuulizana ni nani alitarajiwa kutoka upande wa ndani asubuhi hii. Yule bwana wa mjini alikuwa amesimama na karatasi yake mkononi, akitafuta, nadhani, mahali alipoishia.

Muda ulipita. Kisha kwenye kijia cha bondeni akatokea mzee mmoja, peke yake, tope hadi magotini, ananing'iniza kuku wawili waliofungwa miguu. Alikuwa anatembea vibaya, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Aliuliza ni yupi kati ya wageni aliye dada wa rafiki yake, akaonyeshwa.

Alichuchumaa mbele ya mama, akaeleza. Walitoka pamoja alfajiri, yeye akimsindikiza. Walipofika njia panda alimwambia wapite bondeni kama siku zote. Mwenzake akacheka. Akasema wanajeshi wamekwishapita, huoni, pesa za udugu zimefika. Mzee akamwambia yeye ameshazoea tope lake. Basi mwenzake akampa kuku awashike, kwa kuwa alitaka kukimbia kidogo, alikuwa amesikia ngoma ya kwao njiani.

"Nilimwambia, ndugu yangu, una hakika?" mzee alisema. "Akaniambia, angalia alama hizi za kufagia. Hii ni kazi ya wanawake. Wanawake hawafagii njia ya kifo."

Akanyoosha kuku kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama inavyotakiwa mtu akikabidhi zawadi ya mwingine. Mama alimtazama. Yule mwenyeji alikuwa bado amemshika miguu. Kisha mama akatoa mikono yake yote miwili, yenye malengelenge, akawapokea wale kuku na kuwaweka mapajani, na akasema ahsante.